Mhariri, kiburi hakipendi cha bure

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua hii ni ndefu na mkasi unao wewe, kata unapotaka ila pale penye beseni paache maana ndo barua yenyewe.

Kuna msomaji mwenzetu aliandika hapahapa juzijuzi analalamika kwamba mahubiri ya "Mungu anakupenda bila masharti" yanaharibu waumini, eti watu wamelegea, mtu analewa Jumamosi anaimba Jumapili na hakuna wa kumgusa, akamalizia kwamba Mungu anampenda aliyejirekebisha na hao wengine anawavumilia tu. Niliposoma mara ya kwanza nikaitikia kwa kichwa kabisa. Mara ya pili ndo nikaona aibu, manake hayo maneno nayajua, nimeyasema mimi mwenyewe miaka na miaka kwenye vikao, karibu neno kwa neno. Kwahiyo simjibu kwa ubaya, namjibu kama mtu aliyekaa kwenye kiti hichohicho na anajua mto wake ulivyo laini.

Mi ni mzee wa kanisa na ni katibu wa baraza la wazee. Dhehebu nisitaje, haitasaidia kitu. Kazi ya katibu ni kalamu, nani kahudhuria, nani katimiza ahadi yake, kesi ya nani imeletwa, nani katengwa na meza ya Bwana na kwa muda gani. Nina mwandiko mzuri, nimesifiwa sana kwa hilo, na nadhani kuna mahali hapo katikati nilianza kuamini kwamba daftari langu na kile kitabu cha uzima kinachotajwa kwenye Ufunuo ni nakala moja.

Sasa kulikuwa na jamaa mmoja kwenye kwaya, anaimba besi, fundi mzuri tu, pombe ikamshinda. Tukamwita, akaahidi, akarudia. Tukamwita tena. Mwisho tukamtenga, na muhtasari nikauandika mimi, "baraza limeridhia", sahihi yangu chini, na usiku ule nililala vizuri tu wala sikugeukageuka.

Halafu mwaka jana nikaanguka kwenye ngazi nabadilisha taa. Mguu ukavunjika, mkono wa kulia nao ukapata ufa, nikafungwa hogo kote kuwili na amri ya daktari ikawa ni kulala wiki sita. Mke wangu alishatangulia mbele za haki, watoto wako mbali na wana maisha yao. Baraza lilikuja, niwe mkweli, walikuja wote, wakaimba, wakaomba, wakaacha bahasha, kama dakika 40 hivi wakaondoka. Siku ya tatu mlango ukagongwa, nani, yule jamaa wa besi. Hana Biblia, hana bahasha. Akasimama anaiangalia miguu yangu, akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza, "Mzee, nani anakuogesha?"

Nikamwambia najitahidi mwenyewe. Uongo, na chumba kizima kilikuwa kinanisuta manake kilikuwa kinanuka.

Akaenda jikoni, nikasikia maji yanapashwa moto, akarudi na beseni. Kuna kitu kidogo hapo mpaka leo kinanisumbua. Kabla hajanigusa alikunja shati akatumbukiza kiwiko kwenye maji, sio kidole, kiwiko, vile mama anavyopima maji ya mtoto mchanga. Akangoja. Akaongeza ya baridi kidogo, akapima tena. Na mimi nimelala pale, mvi kichwa kizima, mzee wa kanisa, katibu, nimegeuzia uso ukutani kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuuweka.

Akaja kesho yake, akaja keshokutwa, akaja wiki zote sita. Asubuhi nyingine alikuwa ananuka pombe ya jana yake, hapa simpambi, alikuwa hajaacha. Ila hakukosa.

Siku ya nne nikaweka hela kwenye bahasha kwa mkono wa kushoto, nikaandika jina lake kwa mwandiko kama wa mtoto wa chekechea. Hakusema kitu. Alipoondoka nikaikuta bahasha chini ya kisahani cha sabuni, imelowa pembe moja. Kesho yake nikaongeza kiasi nikidhani nilimpunja, ikarudi palepale kwenye sabuni. Basi nikabadili mbinu, nikamwambia, "Sikiliza kijana wangu, nikipona nitasimama kwenye baraza nikutetee wakurudishe." Akaendelea kusugua kisigino changu, kimya, halafu akasema, "Hilo tuliache mzee. Inua mguu."

Mhariri, nilikasirika. Sio kwamba niliguswa, sio kwamba nilitokwa machozi, hizo ni stori za ushuhuda, mimi nilikasirika mpaka mchana sikula. Nikawa najiuliza nimekasirikia nini, mtu ananiosha bila kunidai kitu na nimefura kama niliyetukanwa. Ilinichukua siku kadhaa kukubali jibu. Angechukua hata senti moja ningekuwa bosi na yeye kibarua, tumemalizana. Angekubali nimtetee ningekuwa mfadhili wake na yeye anadaiwa shukrani. Alichoninyima ni kule kuwa juu, basi, na bila kuwa juu sikujua mimi ni nani.

Ndo nikamwelewa Naamani, yule jemadari wa Shamu mwenye ukoma aliyekwenda Israeli kutafuta kuponywa. Ile habari ya Wafalme wa Pili sura ya 5 nimeifundisha sijui mara ngapi na kila mara nilikuwa nafundisha utii, jioshe mara saba, tii utabarikiwa, tumemaliza tufunge kwa sala. Sikuwahi kukaa kwenye mizigo aliyobeba. Jamaa alitoka Shamu na talanta 10 za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi 10. Hiyo fedha peke yake ni zaidi ya kilo 300! Hakwenda kuomba huyu, alikwenda kununua. Kufika, nabii Elisha hata mlangoni hakutoka, akatuma mtu aseme nenda kaoge Yordani. Naamani akawaka, akasema "nalidhania, bila shaka atatoka kwangu", yaani kwangu mimi, na mito ya kwetu Dameski ni bora kuliko hii. Waliomwokoa ni watumishi wake, wakamwambia baba yangu, kama nabii angekuambia utende jambo kubwa usingelitenda? Hapo ndipo penyewe. Jambo kubwa angelifanya, angepanda mlima kwa magoti, kilichomuuma ni udogo wa lile aliloambiwa, kwamba hata askari wa chini kabisa angeweza kulifanya. Na alipopona akarudi na zawadi zilezile na Elisha akakataa kabisa, hachukui kitu. Aliyechukua ni Gehazi, mtumishi wa Elisha, na ukoma wa Naamani ukahamia kwake.

Kwenye lugha yetu tuna shida na neno bure, sijui kama wenzangu mmeliangalia. Bure ni kitu kisicho na bei, na bure hiyohiyo ni kitu kisicho na faida. Umesoma bure, umehangaika bure, yule mtu bure kabisa. Ukimwambia mtu kitu ni cha bure anakigeuzageuza kwanza atafute ubovu uko wapi. Na Biblia yetu ya Kiswahili imelitumia neno hilohilo pote. Warumi 3:24 wanahesabiwa haki bure kwa neema yake. Halafu Wagalatia 2:21, ikiwa haki hupatikana kwa njia ya sheria, basi Kristo alikufa bure. Bure ya kwanza ni zawadi, bure ya pili ni hasara. Nilidhani ni umaskini wa tafsiri, kumbe waliosoma Kigiriki wanasema hata huko Paulo ametumia neno moja sehemu zote mbili. Na kuna ya tatu, Yohana 15:25, "Walinichukia bure", hata hapo kwa Kigiriki ni neno lilelile. Walimchukia pasipo sababu yoyote ndani yake, na anatupenda pasipo sababu yoyote ndani yetu. Nikaiweka Biblia pembeni nikakaa muda mrefu sana siku hiyo, mguu juu ya mto.

Manake tuchague, hakuna njia ya katikati. Ama neema ni bure kwetu, ama msalaba ulikuwa bure.

Ndugu yangu msomaji anasema Mungu anampenda aliyejirekebisha. Namwomba asome Warumi 5 taratibu, aangalie Paulo anatutaja kwa majina gani pale Kristo anapokufa. Mstari wa 6 "hatuna nguvu", wa 8 "tungali wenye dhambi", wa 10 "adui". Anashuka ngazi makusudi. Mtu dhaifu unamhurumia, mkosaji unaweza ukamsamehe, sasa adui? Nimetafuta pale mahali pa "tulipokuwa tumejirekebisha" sijapaona.

Na kiburi kina sura nyingi, hapa tunakosea sana tunapohubiri. Tunakimbilia kwa mfalme Nebukadreza anayetembea juu ya jumba lake anajisifu Babeli niliyoijenga mimi, au tajiri fulani na gari lake. Kile kiburi ni rahisi, kina kelele, hata mtoto anakiona. Watawa wa jangwani kule Misri walikuwa wajanja kuliko sisi. Mmoja wao anaitwa Evagrius, karne ya 4, aliorodhesha mawazo mabaya manane yanayomwandama mtu wa sala, akaanza na ulafi na kiburi akakiweka mwisho kabisa. Kinamngoja aliyekwisha kuyashinda mengine. Umeacha pombe, umeacha wanawake, umeacha hasira, unafunga, unakesha, ukifika juu unamkuta kiburi amekaa anakusubiri na taji mkononi. Baadaye Papa Gregori wa Kwanza akakigeuza, akasema hicho sio cha mwisho, ndo mzizi wa vyote. Mi naona wote wawili walikuwa sawa, mzizi ndo hutoka mwisho ukiung'oa mti.

Mwangalie yule Farisayo wa Luka 18, aliyepanda hekaluni kusali pamoja na mtoza ushuru. Tumezoea kumcheka wakati jamaa hakuwa mnafiki, tena ningempata kwenye baraza ningemfanya mhazini leo leo. Torati iliagiza siku moja kwa mwaka ya kuitesa nafsi, ile Siku ya Upatanisho, yeye anafunga mara mbili kwa juma, piga hesabu, ni zaidi ya mara 100 kwa mwaka! Zaka anatoa kwenye mapato yote. Na wala hakusema amefanya kwa nguvu zake, alisema "Ee Mungu, nakushukuru", alimshukuru Mungu kabisa. Kilichomwangusha ni jicho la pembeni, "wala kama huyu mtoza ushuru". Alihitaji mtu wa kuwa chini yake ndo ajue yeye yuko wapi. Mwenzake alisema maneno saba tu, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi", akaenda nyumbani amehesabiwa haki. Saba, nimeyahesabu, katibu ni katibu tu.

Na kuna kiburi kingine kinavaa kanzu ya unyenyekevu, hicho ndo kilikuwa changu pale kitandani. Petro alikataa kuoshwa, "Wewe hutanitawadha miguu kamwe". Ukisikia haraka unaona heshima, Bwana hawezi kuinama kwangu. Ila Yesu hakumsifu hata kidogo, alimwambia nisipokutawadha huna shirika nami. Yaani kukataa kuoshwa ni kukataa undugu. Nikikumbuka watu niliowaona wanasema "mimi sistahili, acha nijisafishe kwanza nitakuja kanisani", nilikuwa nawaona wanyenyekevu, siku hizi sina uhakika. Wengi wao, na mimi nikiwemo, hatusemi Mungu ni mkubwa mno, tunasema sitaki kudaiwa. Mkono mtupu haulambwi, tumefundishwa tangu wadogo, basi hatumwendei hata Mungu mkono mtupu, lazima tushike kitu, mfungo, sadaka, mbegu ya kupanda, miaka ya utumishi, na tusipokuwa na kitu tunashika majuto yetu, tunalia sana ili angalau tulipie kwa machozi.

Nirudi kwa hoja ya ndugu yangu maana sitaki aone nimeikwepa. Ni kweli kuna watu wanachezea neema, asante ya punda ni mateke, nimewaona na wewe umewaona. Na ni kweli pia kwamba maneno "bila masharti" yenyewe sio ya Biblia, ni ya wahubiri, na Yesu anasema wazi "mkizishika amri zangu, mtakaa katika pendo langu". Ila angalia hiyo "mtakaa". Huambiwi ukishika nitaanza kukupenda, unaambiwa pendo lipo tayari, kaa ndani yake. Mtu anaweza kupendwa kabisa na akawa amekaa nje. Paulo naye swali la ndugu yangu aliulizwa kabla yetu, tudumu katika dhambi ili neema izidi? Akajibu Hasha! Hakupunguza neema ili jibu litoke vizuri.

Mi nikifikiria hoja hii naona beseni tu. Jamaa hakuniuliza kama nastahili kuogeshwa, wala hakungoja nianze kujisafisha mwenyewe ndo anisaidie. Lakini pia hakuna siku aliyoniogesha akaniacha mchafu. Kisigino alikisugua mpaka nikapiga kelele. Sasa huko kulegea kunakosemwa kuko wapi?

Tena hii barua ya ndugu yangu ni ya zamani kuliko anavyodhani. Karne ya 5 kulikuwa na bwana anaitwa Pelagius, mtu safi, wa kujinyima, alikereka sana na uzembe wa Wakristo wa Roma akafundisha kwamba mtu akiamua kweli anaweza kushika amri kwa uwezo aliopewa alipoumbwa. Namwonea huruma, ni mimi mtupu yule. Aliyesimama kumpinga ni Augustino, askofu wa Hippo, pwani ya Algeria ya leo, na mstari aliourudia sana ni ule wa 1 Wakorintho 4:7, "Nawe una nini usichokipokea?" Mwaka 418 maaskofu wa Afrika wakakutana Carthage wakayakataa mafundisho ya Pelagius. Yakarudi kwa mlango wa nyuma kila karne. Martin Luther, mtawa wa Ujerumani, akaja 1517 na hoja zake, kanisa likapasuka, watu wakafa kwa vita. Na tarehe 31 Oktoba 1999, siku ileile ya kumbukumbu ya Luther, Walutheri na Wakatoliki wakasaini tamko la pamoja kule Augsburg, Ujerumani, kwamba tunapokelewa na Mungu kwa neema tu na sio kwa stahili yoyote yetu, na kwamba neema hiyohiyo ndo inayotuita kwenye matendo mema. Wamethodisti wakajiunga 2006. Miaka 482 kutoka Luther mpaka ile sahihi! Kwa hiyo kwenye makaratasi mambo yako vizuri. Kwenye mabaraza yetu ndo bado Pelagius anaketi na anapiga kura.

Kinachoniuma zaidi ya vyote ni mwana mkubwa wa Luka 15, kwenye ule mfano wa mwana mpotevu. Mdogo tunamhubiri kila mwaka, nguruwe, maganda, baba anakwenda mbio. Mkubwa tunampitia juujuu. Anatoka shambani anasikia nyimbo na machezo, anakataa kuingia. Sikiliza anavyoongea na baba yake, "nimekutumikia miaka mingapi hii, wala sijakosa amri yako". Ana daftari! Amehesabu miaka, amehesabu amri, amehesabu mpaka mwana-mbuzi ambaye hajapewa. Halafu anasema "huyu mwana wako", hataki kusema ndugu yangu. Baba anamrudishia palepale, "huyu ndugu yako". Na jambo ambalo sikuwahi kuliona ni kwamba baba alitoka nje mara mbili siku ile. Kwa mdogo alikwenda mbio, kwa mkubwa alitoka akamsihi, karamu inaendelea ndani na mwenye nyumba yuko nje kwenye vumbi anambembeleza mtoto mwenye kiburi, wala hakumwambia ukiendelea hivi utaondoka, alimwambia "Mwanangu, wewe u pamoja nami sikuzote, na vyote nilivyo navyo ni vyako". Hata kile kiburi hakikupunguza kitu. Yesu alikatisha stori hapo. Hatuambiwi kama aliingia. Waliokuwa wanasikiliza, Luka anasema, ni Mafarisayo na waandishi, waandishi bwana, watu wa kalamu.

Sasa nimepona, nachechemea kidogo. Kikao cha kwanza niliporudi nilileta jina la yule jamaa. Wakauliza, ameacha? Nikasema hapana. Wakauliza, ametubu mbele ya nani? Nikasema sijui. Mwenzangu mmoja, mtu mwema sana na simsemi vibaya, akasema upendo ni upendo lakini utaratibu ni utaratibu, sasa tuandike nini, katibu? Nikashika kalamu nikakosa la kuandika. Nilitaka kuwaambia habari ya kiwiko, nikaona itachekesha. Na ukweli mwingine ni kwamba nilikuwa namtetea nikiwa na ile bahasha bado mkononi, yaani ndani kabisa nilikuwa nataka nilipe deni, na nadhani walikiona hicho. Suala limeahirishwa. Sijui utaratibu unaofaa ni upi, kumtenga mtu kuna sababu zake na mtu wa pombe anahitaji msaada kuliko kuimba, hilo nalijua.

Jamaa mwenyewe hajui kama tulimjadili. Kumbe Jumapili huwa anakuja, miezi yote hii, haingii, anakaa nje kwenye benchi chini ya dirisha la upande wa kwaya. Nilikuwa nasikia besi imejaa kuliko watu walioko mbele nikadhani ni mwangwi. Jumapili iliyopita mahubiri yakiendelea nikachukua fimbo yangu nikatoka, watu wakageuka wakidhani naumwa. Nikamkuta. Nilikuwa nimeandaa la kusema lakini likapotea lote. Akasogea akanipa nafasi, akaangalia chini kwenye kiatu changu akasema, "Mzee, mguu unaendeleaje?"

Nikamwambia asubuhi unauma. Akasema jioni niuweke kwenye maji ya uvuguvugu, nisiweke ya moto.

Ni mimi msomaji wako wa siku nyingi,
Katibu (mkono wa kulia umepona)